Uji wa Nondo

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, na nyumba ilikuwa kimya. Zamani mambo yalikuwa kinyume. Kelele zilitoka ndani, za redio na za mwanamke aliyebishana na redio kana kwamba inamsikia, na huko nyuma mwanamume alifanya kazi bila kufungua kinywa. Sasa redio ilikuwa imefunikwa kitambaa, na aliyekuwa akisema ni mwanamume. Alisema na tanuri. Aliiambia isimharakishe, aliiambia makaa ya leo ni mabichi wavumiliane tu, na siku nyingine aliitukana kidogo, halafu akaiomba radhi.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha alumini chakavu: vifuniko vya injini zilizokufa, fremu za madirisha, masinia yaliyotoboka. Vyote viliingia katika chungu kimoja cha kuyeyushia, vikakorogwa kwa nondo ndefu ya chuma, vikaenguliwa taka za juu, kisha vikamiminwa katika kalibu za mchanga. Asubuhi ilikuwa skrepa, jioni ilikuwa sufuria. Na sufuria za Fundi zilikuwa na sifa moja iliyomlisha miaka yote: ukiiangusha, inabonyea. Haivunjiki. Unaipeleka kwake, anaigonga kwa ndani, inarudi kazini.

Mkewe alifariki kabla ya mvua za mwaka jana. Hakuugua sana. Alilala mchana, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo, na hakuamka. Binti yao wa pekee alikuja, akalia, akafua mapazia yote ya nyumba ile kwa mkono ingawa hayakuwa machafu, kisha akarudi masomoni, mbali, kwenye nchi ya baridi. Fundi alibaki na vitu. Nguo aliwapa ndugu wa mke. Vyombo vilibaki jikoni. Kitu kimoja hakuruhusu mtu akiguse, nacho kilikuwa kopo la rangi lisilo na rangi, lililokaa chini ya benchi la karakana, mahali alipopenda kukaa marehemu.

Ndani ya kopo mlikuwa na udongo mweupe uliokauka. Kila asubuhi mkewe aliukoroga na maji na majivu ukawa mzito kiasi, akauchota kwa vidole na kuipaka nondo kuanzia ncha hadi katikati, akaiegemeza karibu na moto ikauke. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake karakana, nyingine zote alisema ni za wenye mgongo. "Nondo imeshakunywa uji," alikuwa akitangaza, "sasa na wewe njoo unywe wako." Fundi alimtania akimwita Bibi Udongo. Alidhani uji ule ni wa usafi tu, alumini isigande kwenye nondo, na usafi ulikuwa ugonjwa wa mkewe. Alipoondoka, Fundi aliacha kuipaka. Alumini iliganda kidogo kweli. Akawa anaikwangua kwa patasi, basi.

Lakini kopo hakulitupa. Udongo ulipokauka ulihifadhi mifereji minne, pale mkewe alipochota mara ya mwisho. Siku zilizokuwa nzito Fundi aliinua kipande cha ubao alichofunikia, akatazama. Mara mojamoja aliingiza vidole vyake. Havikuenea. Vya mkewe vilikuwa vyembamba.

Sufuria zilianza kupasuka taratibu. Kwanza moja, ambayo mtu yeyote angesema ni bahati mbaya. Kisha mwenye mkahawa akarudisha kubwa mbili na hakuonekana tena. Kisha muuza duka wa kona akasema atapitia wiki ijayo, na wiki ijayo ile haikuja. Akabaki mteja mmoja.

"Hodi huku nyuma! Fundi, uko hai, au nianze kulia kabisa nikiwa mlangoni?"

"Karibu, niko hai."

"Basi uhai kwako, msiba kwangu. Tazama."

Huyo alikuwa Mama Vifuniko, mchuuzi wa vyombo, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, aliyepewa jina hilo kwa sababu aliuza sufuria kwa bei yake na kifuniko kwa bei yake, na hakuna aliyewahi kumshinda katika ubishi huo. Alikuwa shoga wa marehemu. Alimwaga gunia sakafuni, sufuria zikalia mlio mkavu ambao Fundi hakuupenda.

"Hii ilianguka kutoka mezani. Mezani, Fundi, si darini! Ikapasuka kama sahani. Na hii mwenyewe anaapa hakuiangusha. Alipakua chakula, akagonga mwiko ukingoni, hivi, ko ko. Mwiko wa mti umevunja chuma! Watu wananiuliza siku hizi nauza sufuria au nauza vigae."

Fundi aliokota kipande, akakitazama pale kilipokatika. Ndani palikuwa na chembechembe kubwa za kijivu zinazometameta, kama chumvi ya mawe. Alizijua. Alumini ikiingiwa na chuma huwa hivyo, inakuwa biskuti.

"Ni hawa wanaoniletea skrepa," alisema. "Wanaacha boliti ndani makusudi, mzigo uwe mzito."

"Mwezi uliopita ulisema ni makaa. Kabla yake mchanga ulikuwa na unyevu. Kila kitu karakana hii kina kosa, ila mkono wako tu ndio mtakatifu."

"Nimenunua sumaku. Napitisha kila kipande kabla hakijaingia chunguni."

"Na bado?"

"Na bado."

Mama Vifuniko alikaa kwenye benchi, akajikuta miguu yake iko karibu na kopo, akaisogeza upande. "Tangu shoga yangu atangulie..."

"Usimtie humo."

"Simtii. Yumo mwenyewe." Alishusha sauti, jambo la nadra kwake, akasema, "Wamekuja watu wa kiwandani. Sufuria zao nyembamba kama karatasi, lakini zinang'aa na hazipasuki. Nimewazungusha nikachoka. Nifanyie mzigo mmoja mzuri, shemeji. Mmoja. Ikipasuka hata moja, mimi na wewe tutabaki kusalimiana barabarani."

Alipoondoka Fundi alivunja zile sufuria kwa nyundo na kuvirudisha vipande chunguni, kama alivyofanya na zote zilizorudi, maana alumini haitupwi. Alijua maana ya maneno yale. Huyu akienda, tanuri haitawashwa. Na tanuri isipowashwa hakutakuwa na mtu duniani mwenye sababu ya kupiga hodi huku nyuma.

Jumapili alasiri binti yake alipiga simu. Fundi aliegemeza simu kwenye birika na kuketi mbele yake kama mtu anayepigwa picha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Wote wawili walikuwa wanaongeza chumvi, na wote wawili waliacha ipite. Zamani simu hizi zilikuwa za mama na mwana. Binti alieleza mambo yake ya nyota kwa kirefu, mama akaitikia ehe, ehe, kisha mezani akamsimulia mumewe kwa namna yake, na Fundi akalala anajua kwamba mwanaye anasoma vitu vya mbali na afya yake ni nzuri. Sasa hakukuwa na wa kumsimulia. Ilimbidi asikilize mwenyewe.

"Kazi vipi?" aliuliza.

"Nimekwama, baba. Chuma kinanisumbua."

Fundi akainua kichwa. "Chuma?"

"Chuma. Nakitafuta kwenye gesi ya galaksi moja kuukuu."

"Hebu nieleze," alisema, akaisogeza simu karibu. "Nieleze kama ulivyokuwa ukimweleza mama yako."

Binti alimwambia kwamba yale makundi makubwa ya nyota, galaksi, hayafanani. Mengine yana mikono inayozunguka na bado yanazaa nyota changa. Ya kwake yeye yana umbo la yai, na yaliacha kuzaa zamani sana. Nyota zilizobaki humo ni wazee watupu, zimeiva rangi, hakuna mtoto kati yao.

"Nyumba ya wazee," alisema Fundi.

"Ehe. Na nafasi yote kati ya wazee hao imejaa gesi ya moto. Digrii mamilioni, baba. Tanuri yako ni barafu."

"Basi ingeniunguza kutoka huku."

"Hata ungekuwa ndani yake ukatumbukiza mkono usingehisi kitu. Ni nyepesi mno. Chembe moja hapa, nyingine kule, zinakimbia kasi ajabu, lakini ni chache hazitoshi kumpasha mtu joto."

Fundi alitazama ukumbi wake, viti vinne, kitambaa juu ya redio. Alielewa moto wa namna hiyo.

"Sasa gesi hiyo tunaipiga eksirei," binti aliendelea. "Yaani yenyewe inatoa eksirei, sisi tunazipokea kwa darubini iliyo juu ya hewa. Kila metali inaacha alama yake katika mwanga. Kwa hiyo tunajua humo mna metali kiasi gani. Ila sisi tunaita metali kila kitu kilichozidi hidrojeni na heli."

"Kila kitu?"

"Hata oksijeni. Hata kaboni."

Fundi alifikiri. "Kwa hiyo hapa nilipo nimevuta metali puani."

"Ndiyo, baba."

"Na makaa yangu ni metali."

"Kwa lugha yetu, ndiyo."

"Mwanangu, waambie walimu wako waje karakana siku moja. Nauli nitatafuta."

Binti alicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, kama cha mtu aliyekumbuka kwamba chumba alichomo hakina mwingine.

"Na chuma?" baba aliuliza. Sasa hakuwa anauliza kwa adabu. "Kinatoka wapi? Nani anakileta?"

"Supanova. Nyota zinazolipuka. Humo mwangu zinazolipuka siku hizi ni za aina moja tu. Kuna nyota iliyokwisha kufa, imebaki kaa dogo, zito, linalopoa. Lingekuwa peke yake lingepoa hivyo hivyo, basi. Lakini mengine yana mwenzi karibu, yanazungukana. Kaa linamvuta mwenzake, kidogo kidogo, mpaka siku ambayo haliwezi kubeba zaidi. Au makaa mawili yanasogeleana mpaka yanagongana. Linalipuka lote. Halibaki hata jivu la kuzika. Na mlipuko wenyewe ndio unaounda chuma, kizito zaidi ya nusu ya jua letu, na kukitawanya kwenye gesi."

"Yanalipuka mara nyingi?"

"Katika galaksi nzima, kubwa, labda moja katika maisha ya mtu."

"Moja! Na gesi yote inapata chuma?"

"Muda upo, baba. Halafu nyota zinazozeeka nazo zinapukutisha ngozi zake taratibu, bila kishindo, na ngozi hiyo ina metali iliyorithiwa kwa nyota zilizolipuka kabla yake, zile kubwa za enzi za ujana wa galaksi. Cha leo kinaingia juu ya cha jana. Kwangu mimi tatizo ni kwamba hesabu inadai chuma kingi, nami nakiona kichache. Wako wanaosema kinapoa haraka na kujificha. Sijui. Nimekaa nacho mwaka mzima."

"Lakini anayekileta kutoka nje ni nani?"

"Hakuna, baba. Si lazima umtafute mgeni. Karibu chote ni cha humo humo. Ni wafu wa nyumba."

Fundi aliinua macho, akaitazama redio. Binti akasema, "Samahani, baba. Sikukusudia..."

"Hapana," alisema Fundi. "Hapana, mama. Umesema vizuri."

Walipoagana hakuinuka mara moja. Kisha alikwenda karakana, akasimama mlangoni kama mgeni aliyekuja kukagua. Mgeni asitafutwe. Basi humo ndani mna nini? Tanuri ni ya udongo. Chungu ni cha risasi ya penseli na udongo, hakina chuma. Koleo linashika chungu kwa nje. Mchanga ni mchanga.

Nondo iliegemea ukutani, mahali pake pa siku zote.

Aliichukua. Ilikuwa nyepesi, alishaona wepesi huo wiki nyingi zilizopita na akajisifu kwamba nguvu za mkono zinarudi. Akaipeleka kwenye mwanga. Aliponunua nondo hii ilikuwa nene kama kidole gumba, kutoka huku hadi huku. Sasa upande wa kushikia ulikuwa kidole gumba. Upande wa kukorogea ulikuwa penseli, umeliwa, wenye vishimo, na ulikuwa umefupika. Chuma kilichokosekana pale hakikuwa sakafuni. Fundi alijua kilipo. Kilikuwa katika jiko la kila aliyenunua sufuria yake tangu msiba, na zile zilizopasuka alizirudisha chunguni mwenyewe, akazikoroga tena kwa nondo ile ile, cha leo kikaingia juu ya cha jana.

Alikaa kwenye benchi.

Mkewe alikuwa binti wa myeyushaji. Uji ule alikuja nao kutoka kwao, nao ndio uliozuia alumini isiile nondo. Je, alimweleza? Alimweleza, bila shaka alimweleza, mwanzoni kabisa, walipokuwa bado hawajazoeana, naye amechuchumaa hapo na udongo mikononi akisema jambo refu juu ya nondo. Fundi alikumbuka vizuri kitambaa alichojifunga kichwani. Alikumbuka tone la udongo kwenye shavu. Maneno hakuyakumbuka hata moja. Siku hiyo alikuwa akimtazama, hakuwa akimsikiliza.

Kesho yake alinunua nondo mpya. Alichimba udongo uani, mwekundu, akaukoroga na majivu, akaipaka nondo, akaikausha. Ilipoingia chunguni udongo ulibanduka kwa vipande na kuelea kama maganda ya viazi. Akajaribu mfinyanzi wa kununua. Ukapasuka na kudondoka. Udongo mweupe mkewe aliupata wapi? Alikuwa anarudi nao kwenye mfuko, akiuweka chini na kuomba maji ya kunywa. Fundi hakuwahi kuuliza. Kuna mambo mengi ambayo mtu hamwulizi mwenzake, kwa kuwa anadhani mwenzake yupo.

Akafunua kopo.

Mifereji minne ilikuwa pale, na mwisho wa mmoja palionekana hata alama ndogo ya ukucha. Fundi alichukua jagi la maji, akaliweka chini. Akalichukua tena. Alitoka nje akafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Aliporudi jua lilikuwa limepanda, gunia la skrepa safi lilikuwa linasubiri, na Mama Vifuniko angekuja jioni kuuchukua mzigo wake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusahau.

"Sina mwingine," aliliambia kopo. Akamimina.

Maji yalijaa katika mifereji kwanza, yakang'aa, vidole vinne vya maji. Kisha kingo zikalegea, zikainama, zikaungana. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyotegemea. Alikoroga kwa mkono mpaka ukawa mzito kiasi, hakujua kiasi gani, mkono ukamwambia. Alichota. Aliipaka nondo kuanzia ncha hadi katikati, akaiegemeza karibu na moto.

"Imeshakunywa uji," alisema kwa sauti, na hakuna aliyejibu kutoka ndani.

Alumini ya zamani hakuitumia. Chuma kikishaingia hakitoki. Hakuna kichujio wala dawa. Aliimimina yote iwe matofali na kuyapanga chini ya benchi, mahali pa kopo. Chungu alikikwangua, akaanza upya. Nondo iliingia nyeupe na kutoka nyeupe.

Mama Vifuniko alipofika alikuta sufuria zimepangwa ubaoni, bado zina mchanga masikioni. Aliinua moja, akaigonga kwa kucha, akatega sikio.

"Sufuria imebadili maneno," alisema. "Lakini mimi siolewi kwa maneno."

Fundi alichukua ile kubwa kuliko zote, akainua mikono juu ya kichwa, akaiachia. Ilipiga sakafu ya zege na kudunda hadi kwenye miguu ya yule mwanamke, naye akaruka kama msichana.

"We mwanamume! Unataka kuniua kwa biashara yangu mwenyewe?"

Aliiokota. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea, umeingia ndani kama shavu la mtu anayevuta kitu kwa mrija. Aliupapasa kwa kidole, mbele na nyuma, akitafuta ufa. Alitafuta kwa muda mrefu. Kisha aliitenga ile iliyobonyea, akaanza kuziingiza nyingine kwenye gunia.

"Udongo mweupe," Fundi alisema. "Alikuwa anautoa wapi?"

Mama Vifuniko hakugeuka. "Nyuma ya machimbo ya kokoto. Kuna mahali paliporomoka. Tulikuwa tunakwenda wote, yeye anachimba, mimi nabeba umbea." Alifunga gunia. "Hukuwahi kujua?"

"Hapana."

"Miaka yote hiyo."

"Miaka yote."

Alijitwisha gunia, akasema atarudi na oda, na kwamba ile iliyobonyea ni ya Fundi mwenyewe, hailipiwi, apikie. Vishindo vyake vikapungua barabarani, mpaka ukabaki mlio wa makaa yanayopoa.

Fundi aliipeleka sufuria ile jikoni. Hakuigonga ubavu uliobonyea. Aliporudi kufunga karakana aliinama kulifunika kopo, sasa lililokuwa kando ya tanuri, na mkono wenye ubao ukasimama hewani. Udongo ulikuwa umeanza kushika kando. Pale alipochota asubuhi palikuwa na mifereji minne, mipana, yenye kingo nene. Alivitazama vidole vyake, vyeupe hadi kwenye vifundo, na hakwenda kunawa mara moja. Aliliacha kopo wazi, akavuta mlango.